Mgeni wa Bi Mwanaasha

Rungu la kwanza lilimpata Gaudens begani, la pili gotini. Alipoanguka, mkoba wake ulifunguka, na vichupa vya damu vikapasuka barabarani mbele ya wanaume wote wa Mwananyamala. Basi, hapo tena! Nani angemsikiliza?

"Mumiani! Damu hiyo hapo, tazameni wenyewe!" alifoka Mwishehe, muuza samaki, huku akimkanyaga mkono mpaka kidole kikalia.

"Mie mwanafunzi!" Gaudens alilia. "Natoka Makerere, nasomea udaktari! Damu ya kupima malaria hiyo!"

Loh, bora angenyamaza. Kila mtu alijua mumiani anavyofanya kazi: huja na sindano, huwapa watoto peremende, huwatoa damu, kisha huwauzia Wazungu watengeneze dawa. Na Gaudens wiki nzima alikuwa amefanya hivyo hivyo, hata peremende aligawa. Ilibaki kazi hiyo moja tu apate shahada yake.

Mtu mmoja akamletea Mwishehe mchi wa kinu. Gaudens akafumba macho, akamwita mama yake aliyeko Bukoba.

"Shusha mchi huo!"

Alikuwa Bi Mwanaasha, mkunga wa mtaa. Aliwapangua wanaume kwa viwiko, akasimama mbele ya Gaudens.

"Huyu mgeni wangu. Anayetaka kumuua aanze na mie. Wewe Mwishehe, mie ndiye niliyemzalisha mama yako. Ulitanguliza miguu, ukamtesa kutwa kucha. Leo unaniinulia mchi?"

Wawili watatu wakacheka. Mwishehe akautupa mchi, akaondoka akitukana.

Bi Mwanaasha alimkokota Gaudens mpaka nyumbani kwake, akamlaza mkekani. Alimwosha uso kwa maji ya uvuguvugu, akamnywesha uji. Goti lilikuwa limevimba, hawezi hata kusimama. Gaudens alilia kwa haya na kwa shukrani. Tangu afike Dar es Salaam hakuna aliyemshika kwa huruma namna ile.

"Vile vichupa vimevunjika vyote?" Bi aliuliza.

"Vyote, bibi."

"Hukuwahi kupeleka hata kimoja?"

"Hata kimoja. Kazi yangu yote imemwagika."

Bi Mwanaasha akainuka, akatia komeo mlangoni.

"Ahsante, bibi. Wasije wakarudi."

"Hawarudi hao."

Akavuta pazia. Kitandani alilala mtoto wa kike, midomo imekauka, anahema kwa shida. Gaudens alimtambua mara moja. Alimtoa damu juzi.

"Tangu jana hajafumbua macho," Bi alisema.

"Malaria hiyo, bibi! Mpeleke hospitali sasa hivi, mie nitawaandikia..."

Bi Mwanaasha alikuwa amekwisha kupiga magoti pembeni ya Gaudens. Aliuchukua mkono wake mzima, akaufunga kipande cha kanga juu ya kiwiko, akakaza.

"Mwishehe angekuua," alisema kwa upole, "ningeipata wapi?"

Akasogeza bakuli, akachomoa wembe.

"Tulia, mwanangu. Nachukua damu ya mjukuu wangu tu."