Lionel Hajui Kutua

Hadithi hii alinipa Françoise, muuza maharagwe wa mutaa wa Saio, siku tulipokuwa tunapepeta mizigo yake, mwaka wa pili tangu bunduki za Bunia zinyamaze. Alisema: katika nyumba ya jirani yangu, Lionel alikufa mara moja tu, lakini aliruka na ndege mara kumi na nne.

Lionel alikuwa muzaliwa wa kwanza wa Mama Agathe. Aliaga akisema anaenda Kinshasa kujifunza urubani. Hakupita hata Irumu. Kwenye bariyeri, watu wa bunduki waliofunga njia walimushusha kwenye kamyo, wakamumaliza.

Dereva aliyeona alimuambia mudogo wa Lionel, Dany, peke yake, nyuma ya kanisa. Dany akamuapisha asifungue kinywa. Mama Agathe alikuwa na tansio, damu ya kupanda, na muganga alikuwa amesema habari moja mbaya itamulaza chini.

Dany akaamua mambo mawili. Ataenda porini na Komanda Willy, mwenye kukusanya vijana wa vita, achukue bunduki, alipize kaka yake. Lakini hatatoka mpaka mama yake aamini kabisa kwamba Lionel ni muzima na anakula vizuri.

Padri mumoja, wakati wa kukimbia, alikuwa amemuachia ordinatere yake, ndiyo kompyuta, aichunge, pamoja na kamashine ka umeme ka mafuta. Ndani ya ordinatere mulikuwa muchezo: unakaa mbele ya kioo, unaendesha ndege kama rubani, na mawingu, milima, viwanja, vyote viko. Mulikuwa tena programu ya kukata picha za video na kuziunga. Padri alifanya nini na ndege, Mungu ndiye anajua.

Dany akafunga mulango, akarusha ndege, akakamata picha zake, akakata, akaunga, akaweka sauti. Dakika tatu. Kisha akamuita mama yake: Lionel ametuma CD, imepitia Mambasa.

Mama Agathe akatazama ndege ikiinuka juu ya Kinshasa. Sauti ikasema: mama, ni mimi, usiogope. Ilikuwa sauti ya Dany mwenyewe, aliyoitoa kichwa kikiwa ndani ya sufuria.

"Kinshasa imemupa mafua," mama akasema. "Na bawa lake limeingia katika mulima, likatoka zima?"

Dany akajibu kwamba ni ndege za kisasa.

Mama akataka Lionel aandikiwe barua: apunguze mwendo, na asiruke na njaa. Dany akaandika, akaenda kuitupa chooni, akarudi kufunga mulango ili atengeneze jibu. Ikawa hivyo wiki kwa wiki. Majirani walikuja na viti vyao. Muzee mumoja ambaye hajapanda hata baiskeli alisema kijana anakata kona vibaya. Mama Agathe aliwapa wote nafasi ya kulaumu, kisha alilaumu zaidi yao, na kila lawama ilikuwa barua mpya.

Hakuuliza hata siku moja Lionel anarudi lini. Dany alishukuru kwa hiyo.

Komanda Willy alipita kila Alhamisi. Kundi lake la kwanza liliondoka na vijana kumi na mumoja. Walirudi wawili, na kiatu kimoja cha mwingine. Dany alijua hesabu hiyo, na bado alitaka kwenda.

"Weye uko mwanaume ao uko mutu wa sinema?" komanda akamuuliza mbele ya watu. "Kamyo ya mwisho inatoka kesho asubuhi."

Siku hiyo Dany alitengeneza filamu ya kumi na nne, ya kuaga. Lionel amepata kazi Ulaya, mbali sana, barua hazitafika tena. Mama, baki na amani. Ndege ikavuka mawingu, ikawa kadogo, ikatua.

Mama Agathe akavuta pua.

"Ametua kama bata," akasema. "Mutu haniagi hivyo. Andika: arudie, na mvua inyeshe. Na abiria washuke, niwaone miguu, nimuone mwenye kubeba mutoto."

Dany akasema katika ndege za namna ile abiria hawaonekani.

"Basi wanaingilia wapi?"

Katika muchezo ule hamukuwa mutu hata mumoja. Ingepasa kuwachora kwa mukono, mumoja mumoja, hatua kwa hatua. Dany akataka kukataa. Akaona mama ameweka mukono kifuani. Akasema ataandika.

Ijumaa kamyo ilipiga honi mara tatu mbele ya nyumba. Dany alikuwa anachora muguu wa abiria wa kwanza. Akatuma neno komanda amungoje siku mbili tu. Komanda akamutukana yeye na ukoo wake, akaondoka na wengine.

Kiza kilipoingia risasi zililia upande wa kiwanja cha ndege, na Françoise akaja kulala kwao, na magunia yake matupu, maana kesho yake alikuwa anaenda kununua maharagwe. Dany alikuwa amesinzia kwenye meza, shavu juu ya vibonyezo. Wanawake wawili wakajinyoosha kwenye mukeka.

"Amefikisha wangapi?" Françoise akauliza.

"Watatu. Nitamuambia ndege ilikuwa imejaa."

Françoise akacheka. Mama Agathe akamubana mukono.

"Polepole, mutoto asiamuke. Kesho ukifika Irumu, unipitie kwa Lionel. Uangalie ule musalaba tuliosimika kama ungali umesimama."

Françoise akaitika, akageukia ukuta, akalala. Mama Agathe akasikiliza kidogo namna Dany anavyokoroma, akavuta kitenge mpaka kidevuni, naye akalala.