Jua la Huko Kwenu

Palikuwa na Pimbi wa mlimani aliyejivunia baridi ya kwao kuliko manyoya yake. Siku moja Kobe alipanda kutoka nyikani, akihema.

"Ndugu yangu, mto unatufikia umekonda. Hebu itazameni barafu yenu ina nini."

Pimbi akacheka. "Jua ni la huko kwenu, mzee. Huku kwetu tunatetemeka." Wala hakumkaribisha hata maji ya kunywa.

Miaka ikapita, barafu ikaisha, mwamba ukabaki mtupu. Pimbi akateremka na kiu yake, akapiga hodi kwa Kobe.

"Karibu," Kobe akaitikia. "Ila maji sina. Yalikuwa yakitoka huko kwenu."

Pimbi akabaki mlangoni, koo limemkauka, akitamani angekimeza kile kicheko siku ile.