Jibu Kabla ya Jina

Siku hizi virusi hubeba alama ya mtu aliyeviambukiza. Sheria ya serikali humhesabu aliyeambukiza kuwa muuaji, na mbele ya kadhi mfiwa ndiye huamua. Ila jibu hutangulia, jina hufuata, ili asimpendelee mtu.

Mwanaisha alikuwa bado amejitanda kanga ya matanga pale kisanduku cha mahakama ya kadhi, ukutani mwa nyumba yao, kilipomuuliza kwa sauti laini, "Mrithi wa marehemu Bi Thuwaiba, aliyeuawa na virusi, unasamehe au unadai kisasi?"

"Samehe, dada," alinong'ona mdogo wake, Zamzam. "Mama angesamehe."

"Mama angekuwa hai!" Mwanaisha alifoka. "Nadai."

"Imepokelewa," kilisema kisanduku. "Gari linakwenda kumchukua mwenye alama."

Gari jeupe lisilo na dereva likaingia mtaani. Majirani wakafunga madirisha. Likampita muuza maziwa, likaipita nyumba ya muuguzi aliyekuwa akija kumchoma mama sindano, Mwanaisha akilifuata kwa macho kutoka dirishani. Likasimama mlangoni pa Mwanaisha mwenyewe, ubavu wake ukafunguka.

Zamzam akaanza kulia. Mwanaisha aligeuka, akaliona mezani bakuli la uji wa mama, na kile kijiko alichokuwa akionjea yeye kwanza, kila asubuhi, kabla ya kumlishia mama, uji usije ukamuunguza.