Masizi kwenye Foronya

Mshonaji alizinduka jua limeshajaa chumbani, akakurupuka hadi jikoni. Simu ilikuwa mle mle alimoiweka usiku ili alazimike kuinuka kuizima, ndani ya sufuria nyeusi, lakini kengele ilikuwa imezimwa.

"Wifi, umenizimia simu tena. Fundi mkuu kasema nikichelewa mara mbili zaidi, cherehani yangu anapewa mwingine."

"Basi imebaki moja," wifi yake alisema, huku akikoroga uji. "Hebu tazama vidole vyako."

Vilikuwa na masizi. Alirudi chumbani akageuza mto. Foronya ilikuwa na alama za vidole vile vile, nyingine za leo, nyingine zimeshafifia.

"Kila asubuhi unakuja kwa miguu yako," wifi alisema mlangoni. "Unazima, unarudi kulala. Hata salamu huitikii."

Aliketi kitandani. Miezi yote alijiona mzito wa kuamka, kumbe kuamka alikuwa anaamka. Kilichomshinda ni kitanda kilichomngoja nyuma.

Akachomoa ufunguo mlangoni, akampa wifi yake.

"Kesho nikifika jikoni, funga chumba. Nikilia, usinipe."

"Na ukinikimbiza?"

"Kimbilia kule kazini kwangu."