Kikao cha Kumnyang'anya Mama Simu

Mjomba Maocai alifika Jumapili saa tano asubuhi, suruali imepigwa pasi, uso wa hakimu. Mama akipotoka huitwa mjomba, maana mwana hana mdomo wa kumhukumu mzazi wake. Safari hii aliyepotoka alikuwa dada yake, Shen Guiying, mjane wa miaka sitini na minne, mstaafu wa kiwanda cha nguo hapo Wuhan. Kosa lake lilikuwa simu.

Mshitaki alikuwa mwanawe wa pekee, Luo Zhiyuan, afisa wa bima, mtu wa miwani na mashati meupe. Alieleza kwamba mama anashinda kwenye mchezo wa vita wa simu toka chai ya asubuhi. Kuupakua ni bure. Ukishaingia ndani ndipo unapochunwa ngozi. Wiki iliyopita, jikoni, alichungulia begani kwa mama yake, na kabla mama hajaifunika simu kwa aproni aliona mpiganaji wake wa mchezoni amevaa joho jekundu linalowaka moto.

"Mjomba, joho lile haliuzwi," alisema. "Unalipia kufungua masanduku, na unaweza kufungua mia mbili usilione. Mwenye bahati analipata kwa yuan elfu thelathini."

Mkewe, Meng Jia, alimuuliza yeye kajuaje. Zhiyuan alijibu kuwa vijana wa ofisini hawana mazungumzo mengine, na masikio hayana mlango.

Lakini kilichowaketisha hakikuwa joho, kilikuwa nyumba. Binti yao Tongtong anatimiza miaka sita, na shule nzuri inaandikisha mwezi wa sita, tena haipokei mtoto ambaye wazazi wake hawana nyumba mtaa ule. Fedha ya malipo ya kwanza ilikuwa sehemu mbili: moja aliahidi bibi yake Tongtong, nyingine ni akiba ya mke na mume, anayoitunza Zhiyuan. Mara mbili Meng Jia alipata nyumba, mara mbili mumewe akasema wasubiri bei ishuke. Sasa angalau ilijulikana nani anayewakwamisha.

Walikaa mezani, supu ya mbavu na mizizi ya yungiyungi ikifuka mvuke katikati. Zhiyuan alianza kwa upole, kisha akapanda. Alisema mtu mzima anayemwaga pesa kwenye michezo ni mtoto mwenye mvi. Alisema kampuni zile hazina haya, zinamjua mtu udhaifu wake kuliko anavyomjua mkewe. Alisema vizuri sana, hata mjomba akatikisa kichwa kwa huzuni. Halafu tumbo likamkata, akaenda chooni na simu yake, kama kawaida yake miezi hii.

Guiying naye akapata upenyo wa kwenda jikoni kuongeza chumvi. Alipokawia, Meng Jia alimfuata akamkuta anaandika kwenye simu kwa vidole viwili, mbio mbio, anatabasamu peke yake. Ilimuuma. Alimpenda mama mkwe wake, na aliona aibu kumwona amefikia hapo.

Zhiyuan alirudi amekunja uso kuliko alivyoondoka. Alidai simu iwekwe mezani, sasa hivi, mbele ya mjomba.

Guiying hakuweka simu. Aliweka kitabu cha benki.

Mjomba alikisoma, akakirudia, akampa Meng Jia. Fedha haikupungua. Kila mwezi ilikuwa imeongezeka.

"Mimi sinunui kitu humo," alisema Guiying. "Mimi nimeajiriwa."

Aliwaeleza bila haraka. Wenye mchezo walimpata kupitia shoga yake wa kiwandani. Joho walimpa wao, na mapanga, na cheo cha jenerali. Katika wachezaji mia, tisini na kitu hawatoi hata yuan moja, kwa hiyo wale wachache wanaotoa haifai waachwe wapoe. Kila mmoja huwekewa mchokozi wa kukodiwa, wa kumpita hatua moja tu na kumcheka mbele za watu, mpaka aone bora anunue kuliko kulala na lile donge. Vijana walijaribiwa kazi hiyo wakashindwa, hawajui kusimanga. Guiying alifuma nguo miaka thelathini katikati ya wanawake mia tatu.

"Na mtu akifilisika?" aliuliza mjomba.

"Kaka, simshiki mtu mkono. Huyu wangu ni mwanamume mzima, anajiita Simba wa Mto Han. Miezi minane niko naye. Mwanzoni alikuwa mgumu kweli. Nikimwita fukara, kimya, nikimwita mwoga, kimya." Alimpakulia Zhiyuan ubavu wenye nyama nyingi. "Mwezi jana nikamtukania mama yake mzazi. Weee. Alinunua masanduku hayo, mpaka kampuni ikanipigia simu kunipongeza."

Meng Jia alicheka hadi machozi, kwa raha na kwa kutua mzigo. Alisema anamhurumia mke wa huyo simba. Mjomba naye alitamka kwamba kesi imekwisha: sehemu ya bibi ipo, kesho asubuhi Zhiyuan atoe ile aliyoitunza, wakalipie nyumba kabla hajatokea mnunuzi mwingine.

Zhiyuan alikuwa hajagusa ubavu. Alikuwa amevua miwani, anamtazama Guiying, na midomo ilimcheza kama ya mtu aliyeonewa.

"Mama," alisema, "mama yangu alikukosea nini?"