Zawadi ya Kavuo

“Ya gauche, ya huku kushoto, haiko inalia muzuri,” Kavuo alisema kwa mara ya tatu.

Kambere aliinuka tena kutoka nyuma ya ampli, mashine ya kukuza sauti. Alikuwa ameitwa kutoka Beni kuja Butembo kufunga sinema ya nyumbani, na asubuhi nzima alikuwa amepanga bafle saba, yaani spika, kuzunguka kiti cha katikati. Zawadi hiyo Gérard alimletea mke wake, Kavuo, kutoka Kampala. Wanawake wa parokia walikuwa wakimwonea wivu.

Ilibaki kuchagua. Diski ilibeba filamu moja kwa sauti za aina mbili, TrueHD na DTS-HD Master Audio. Gérard alitaka kujua ipi inashinda ingine.

“Papa Jemima, zote mbili hazipotezi kitu,” Kambere alimweleza Gérard, akimwita kwa jina la mtoto wake. “Sauti inafika nzima, vile waliirekodi.”

“Lakini lazima moja ishinde!” Gérard alicheka, akamwekea mke wake mto mgongoni. “Bibi yangu ndiye atachagua. Ni ya kwake.”

Kambere akaweka ya kwanza. Mvua ikanyesha juu ya mabati, pikipiki ikapita nyuma ya kiti kutoka kushoto kwenda kulia. Akaweka ya pili. Mvua ileile, pikipiki ileile.

“Ni sawa tu,” Kavuo alisema. “Pikipiki inatokea katikati. Ile ya gauche iko mbali.”

Gérard akanyoosha mkono kuigusa bafle iliyokuwa karibu na kichwa cha mke wake. Kavuo akainamisha kichwa haraka.

“Kavuo, uko unasumbua fundi,” Gérard alisema polepole.

“Ya pili,” akajibu mara moja. “Ya pili ndiyo muzuri.”

Lakini Kambere hakuridhika. Hakuwahi kuacha kazi mbovu katika nyumba ya mtu. Akabadilisha waya, akabadilisha na bafle yenyewe. Akaitegea sikio: ilikuwa inalia vizuri kabisa.

Simu ya Gérard ikaita. Lori lake la vitunguu lilikuwa limekwama Kirumba. Akatoka uani, akaanza kumfokea dereva.

Ndipo Kambere akapata wazo. “Mama Jemima, tugeuze kiti. Uangalie mulango.”

Kavuo akakaa, televisheni ikiwa mgongoni. Kambere akarudisha pikipiki.

“Ah, sasa ile ya gauche imepona,” Kavuo alisema. Akaonyesha bafle ya upande wa pili, ambayo sasa ilikuwa kushoto kwake. “Ni hii ndiyo imekufa.”

Kambere akazima ampli.

“Mama, bafle hazina shida. Ni sikio yako ya kushoto. Tuambie Papa Jemima akupeleke kwa munganga wa hospitali.”

Kavuo aligeuka kutazama uani, akashusha sauti.

“Anajua, fundi. Aliponivunja meno, alileta frigo ya jikoni. Ya sikio ndiyo hii.”