Nungunungu Apewa Kiti

Enzi wanyama walipokuwa na bunge, hoja za wakubwa zilikuwa zikianguka kwa kura moja tu, ya Nungunungu. Fisi, mnadhimu wao, akachoka.

"Tumpe kiti cha spika," akawaambia wenzake. "Spika hapigi kura, ila pande mbili zikilingana."

Wakamkalisha kwa shangwe. Kesho yake wakaleta hoja ya kuwafungia wanyama wadogo bwawa la maji. Kura zikahesabiwa: ishirini kwa ishirini. Bunge zima likamgeukia Nungunungu.

"Mheshimiwa Spika," Fisi akabembeleza, "kumbuka nani alikupa kiti."

Nungunungu akasimamisha miiba yake yote.

"Kiti mlinipa, Mheshimiwa, lakini miiba hamkuning'oa. Bwawa halifungwi! Haya, hoja inayofuata."